Jiko Lililokataa Kuzimika

"Mjomba, hivi nyota nazo huzeeka?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu. Yuko darasa la tano. Mtaani kwetu Kurasini wenzake wamembandika jina la Maswali, na mimi jina hilo nalipenda sana. Wengine humwambia anyamaze. Mimi humwambia aongeze.

Ndiyo, Maswali. Nyota huzaliwa, huzeeka, na hufa. Lakini leo sikusimulii nyota za kawaida. Leo nakusimulia nyota zilizokataa kuzeeka. Ni nyota za buluu, kali, zinazong'aa, zilizokutwa katikati ya wazee. Zilikutwa mahali ambapo nyota za buluu zilipaswa kuwa zimekwisha zamani. Wataalamu wenye darubini kubwa walizitazama wakakuna vichwa kwa zaidi ya miaka 50.

Nanyi mnaosoma, sogeeni. Tunaanzia uani.

Ipo nyumba ya kupanga. Mnazijua hizi za kwetu Temeke: korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma kuna uani. Kila mpangaji ana jiko lake la mkaa. Siku moja, saa 12 asubuhi, wapangaji wote waliwasha majiko yao kwa pamoja. Hakuna aliyetangulia, hakuna aliyechelewa. Na kila mmoja alikuwa na mkaa ule ule aliokwisha kuujaza. Muuza mkaa hakupita siku hiyo.

Majiko hayakulingana. Kulikuwa na majiko madogo ya kuchemshia chai. Kulikuwa na ya kati, ya kusongea ugali wa familia. Na kulikuwa na jiko moja kubwa la mama ntilie, mlango wake mpana, limejazwa mkaa mpaka pomoni.

Sasa niambieni. Jiko lipi litazimika kwanza?

"Dogo!" akasema Maswali. "Lina mkaa kidogo."

Subiri kwanza. Upepo wa baharini ukavuma. Ukaingia kwenye ule mlango mpana wa jiko la mama ntilie, na moto ukanguruma. Jiko lile lilikuwa na mkaa wa majiko kumi, lakini lilikuwa likila mkaa wa majiko mia. Saa 4 haikufika, limekuwa majivu. Majiko ya kati yakaendelea hadi mchana. Na lile dogo la chai, mlango umefungwa nusu, kaa zinawaka polepole? Hilo lilifika usiku.

Mkaa mwingi, moto mkali, siku fupi. Mkaa kidogo, moto mpole, siku ndefu.

Semeni tena. Mkaa mwingi, moto mkali, siku fupi. Maneno haya tutayahitaji huko mbele.

Nyota ndivyo zilivyo. Nyota haichomi mkaa wala haitoi moshi. Mkaa wake ni gesi ya haidrojeni. Ndani kabisa, katikati, uzito wa nyota nzima unaigandamiza gesi hiyo mpaka joto linafika mamilioni ya nyuzi. Hapo chembe za haidrojeni hubanana, huungana, na kuwa heliamu. Katika kuungana huko hutoka nishati, na nishati hiyo ndiyo mwanga tunaouona. Heliamu ni ile gesi ya kujazia maputo. Huenda mmesikia kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ipo kwa wingi chini ya ardhi kule Rukwa. Hiyo ya Rukwa haikudondoka kutoka kwenye nyota, ilitoka ndani ya miamba yetu wenyewe. Nasema mapema, maana nilimwona Maswali amekwisha kufungua mdomo.

Lakini alikuwa na swali jingine. "Kwa nini nyota kubwa imalize upesi? Nayo ina mlango?"

Swali safi kabisa. Haina mlango. Ina uzito. Nyota nzito hujigandamiza zaidi, kwa hiyo katikati yake huwa na joto zaidi. Na joto la katikati likizidi kidogo, uunguaji huzidi sana. Nyota yenye uzito mara 2 ya Jua hung'aa karibu mara 10 ya Jua. Mkaa mara 2, matumizi mara 10. Pigeni hesabu wenyewe muone nani atafika usiku.

Jua letu lilizaliwa na haidrojeni ya kuliwezesha kuwaka hivi kwa karibu miaka bilioni 10. Nyota yenye uzito mara 10 ya Jua haifikishi hata miaka milioni 30. Na zile ndogo, nyepesi, zitawaka kwa muda mrefu kuliko umri wote wa ulimwengu, nao ulimwengu una karibu miaka bilioni 13.8.

Mkaa mwingi, moto mkali, siku fupi.

Rangi nayo ina habari yake. Lichungulieni jiko, lakini msisogee sana. Kaa lililo pembeni ni jekundu, limefifia. Lililopigwa na upepo ni la rangi ya chungwa, linaelekea njano. Kadiri joto linavyopanda, rangi hubadilika. Nyota nyekundu ina nyuzi kama 3,000 usoni. Jua letu lina nyuzi karibu 5,500. Nyota za buluu zinapita 10,000. Hakuna jiko la Kurasini litakalofika huko, hata upepo wa bahari wote ukihamia uani.

"Mbona jiko la gesi la mama lina moto wa buluu?"

Mnaona? Ndiyo maana anaitwa Maswali. Buluu ya jiko la gesi haitokani na joto kubwa kiasi hicho. Inatokana na chembe za gesi yenyewe jinsi zinavyotoa mwanga zinapoungua. Ni habari nyingine, nayo ni tamu, lakini tukiifuata leo nyota zetu zitatuacha.

Tushike hili. Nyota nzito ina joto kali. Yenye joto kali ni ya buluu. Na nyota nzito haiishi muda mrefu. Basi ukiona nyota kubwa ya buluu, unatazama kitu ambacho hakina siku nyingi duniani. Nimesema duniani, lakini mmenielewa.

Je, huko juu kuna uani?

Upo, tena nyua nyingi. Nyota nyingi huzaliwa kwa makundi. Wingu moja kubwa la gesi na vumbi hugawanyika, likajikunja vipande vipande, na kila kipande kikawa nyota. Mamia ya nyota, pengine maelfu machache, zimewashwa asubuhi moja. Zinakaa pamoja zikivutana, zikisafiri pamoja.

Mmoja wa nyua hizo mnaujua. Ni Kilimia. Wakulima na wazee wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue majira ya mvua na ya kulima. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba. Kwa darubini zipo zaidi ya 1,000. Kipo umbali wa karibu miaka ya nuru 440. Mwaka wa nuru si muda, ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mzima, na mwanga hukimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo nuru ya Kilimia inayotufikia sasa ilianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka 1593.

Umri wa Kilimia ni karibu miaka milioni 100. Kwa nyota, huo ni utoto. Ndiyo maana nyota zake kubwa bado ni za buluu. Uani kwao bado ni asubuhi.

Sasa tuhamie kundi jingine. Wataalamu wanaliita M67, nalo liko upande wa nyota za Kaa, yule kaa wa baharini. Mwezi wa pili na wa tatu, usiku, hupita karibu na utosi wetu hapa Dar es Salaam. Kwa macho hutaliona. Kwa darubini ya macho mawili utaona ukungu mdogo. M67 ina karibu miaka bilioni 4. Huo ni uani wa alasiri. Majiko makubwa yote yamezimika zamani. Nyota yoyote iliyolizidi Jua uzito kwa theluthi moja hivi imekwisha kumaliza haidrojeni ya katikati yake.

"Mmejuaje umri? Nani aliandika siku ya kuzaliwa?"

Hakuna aliyeandika. Ndipo uani unapotusaidia. Mwenye nyumba akirudi jioni, hana saa, simu yake imezima chaji, bado anaweza kujua wakati. Anatazama jiko kubwa kuliko yote ambalo bado linawaka. Kama la mama ntilie linawaka, ni asubuhi. Kama la mama ntilie ni majivu na ya kati yanawaka, ni mchana. Kama yamebaki ya chai tu, ni usiku. Wataalamu wa nyota hufanya vivyo hivyo. Wanatafuta nyota nzito kuliko zote ambayo bado inawaka kwa utulivu, wanapiga hesabu ya mkaa wake, wanapata umri wa kundi zima. Mimi hesabu hii naiona nzuri kuliko saa ya ukutani.

Basi, jioni ile mwenye nyumba akaingia uani. Saa 10. Jiko la mama ntilie na majiko ya kati ni majivu matupu. Akageuka kona ya mwembe, akashtuka. Kuna jiko moja la kati, limejaa, linawaka, linanguruma!

"Nani kawasha jiko hili sasa hivi?" akauliza.

Kimya.

"Nauliza, nani kawasha jiko hili?"

Wapangaji wakatazamana. "Hakuna, mama. Wote tuliwasha saa 12 asubuhi."

Mwenye nyumba huyo, angani, alikuwa kijana Mmarekani aliyeitwa Allan Sandage. Mwaka 1953, hajafikisha hata miaka 30, alikuwa akipanga nyota za kundi moja kubwa linaloitwa M3. Kundi hilo si uani mdogo kama Kilimia. Ni mji mzima, mamia ya maelfu ya nyota zimebanana, tena nyota kongwe. Alitegemea kukuta majivu na majiko ya chai. Akakuta nyota za buluu. Si nyingi, lakini zipo. Miaka miwili baadaye, yeye na mwenzake Harold Johnson wakaichunguza M67. Huko nako wakakuta nyota za buluu zisizotarajiwa.

Wataalamu wakazipa jina: wachelewaji wa buluu. Wenzao wamekwisha kuondoka, wao bado wanawaka.

Sasa kazi ya kuuliza ikaanza. Watu wazima nao huuliza kama Maswali, ila huvaa miwani.

Labda ziliwashwa baadaye? Hapana. Kundi kongwe halina tena wingu la gesi la kuzalia nyota mpya.

Labda ni wageni, wanapita tu mbele ya kundi? Baadhi ya nyota huwa hivyo kweli, zinaonekana uani kumbe ziko barabarani. Lakini wakapima mwendo wao. Nyota hizi nyingi zilikuwa zikienda na kundi lao, upande ule ule, kwa kasi ile ile. Ni wapangaji halali.

Labda jirani kawamiminia mkaa?

Hapo sasa! Mwaka 1964 mwanasayansi William McCrea alilisema hilo wazi. Nyota nyingi haziishi peke yake. Zinaishi mbili mbili, zikizungukana. Nyota nzito kati ya hizo mbili huzeeka kwanza, nanyi mnajua kwa nini. Mkaa mwingi, moto mkali, siku fupi. Ikizeeka huvimba, huvimba sana, huwa nyota kubwa nyekundu. Ikivimba hivyo, gesi yake ya nje inakuwa mbali na katikati yake. Inakuwa karibu na jirani. Jirani anaivuta. Gesi inamwagika kwake, kidogo kidogo, kwa maelfu na malaki ya miaka. Jirani anaongezeka uzito. Uzito unaongeza joto. Joto linageuza rangi. Nyota iliyokuwa ya njano, imetulia, inawaka buluu.

Na ile iliyotoa? Inabaki kiini tu. Kidogo, kizito, cheupe, cha moto, hakiunguzi tena chochote. Ni kaa moja la mwisho linalopoa ndani ya majivu.

Kulikuwa na wazo jingine pia: nyota mbili zigongane au ziungane kabisa, mkaa wa majiko mawili uwe jiko moja. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Hills na Day, walilipigia hesabu. Kwenye mji uliobanana kama M3 linawezekana. Kwenye makundi yenye nafasi, kama Kilimia au M67, nyota kugongana barabarani ni jambo la nadra, ila mbili zinazozungukana karibu karibu zinaweza kuishia kuungana.

"Lakini Mjomba, nani aliona nyota moja ikimmiminia nyingine?"

Ah. Hapo tunarudi nyumbani, pwani yetu hii hii ya Waswahili.

Pandeni kaskazini. Mpite Tanga, mpite Mombasa, mfike Malindi, mwendelee kidogo hadi Ngomeni. Baharini hapo Waitaliano walijenga jukwaa la chuma lenye miguu, likaitwa San Marco. Ni jukwaa la kurushia roketi. Mahali hapo ni karibu na ikweta, na roketi inayorushwa karibu na ikweta husukumwa na mzunguko wa Dunia wenyewe. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirushwa kutoka pale, imebeba setilaiti ndogo ya Marekani. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Basi setilaiti ikapewa jina la Uhuru. Mama aliyesimamia kazi hiyo huko Marekani aliitwa Marjorie Townsend. Kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, baadaye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 2002.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Mnajua eksirei, ile ya kupiga picha ya mfupa uliovunjika. Baadhi ya vitu vya angani hutoa eksirei nyingi mno, lakini hewa ya Dunia huzizuia, ndiyo maana ni lazima uende juu.

Uhuru ikatazama upande wa kusini, si mbali na Msalaba wa Kusini, ikakuta kitu kinachoitwa Centaurus X-3. Kilikuwa kinapiga eksirei kwa mapigo: kila baada ya sekunde 4.8, pigo. Pigo, pigo, pigo. Halafu, kila baada ya siku 2 na saa kama mbili, kimya. Mapigo yanapotea. Kisha yanarudi.

Kwa nini yapotee? Kumbukeni tarehe 1 Septemba 2016, au waulizeni kaka na dada zenu. Kule Rujewa, Mbeya, watu walifurika kuona Jua likipatwa. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaelimisha Watanzania mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa waliowaandaa wananchi kwa siku hiyo. Mwezi ulipita mbele ya Jua, Jua likabaki pete. Centaurus X-3 nayo hupatwa. Ni nyota ndogo iliyokufa, inayozungukana na nyota kubwa ya buluu. Ndogo ikipita nyuma ya kubwa, eksirei zinazibwa. Na eksirei zenyewe zinatoka wapi? Zinatoka kwenye gesi ya ile nyota kubwa inayomwagikia ile ndogo, ikiporomoka kwa kasi na kupata joto la kutisha.

Yaani kitu kilichorushwa kutoka Ngomeni, chenye jina la Kiswahili, kiliwaonyesha watu kwamba nyota humwagiana gesi kweli. Sikusudii kusema Uhuru iliwatafuta wachelewaji wa buluu. Haikuwatafuta. Lakini tangu hapo, mtu akisema "jirani kamimina," hakuna aliyemcheka.

Ilibaki kuwakamata wachelewaji wenyewe. Wataalamu wakachagua kundi kongwe linaloitwa NGC 188, lenye miaka bilioni 6 au 7. Hilo msilitafute kutoka Kurasini. Liko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, na kwetu sisi tulio kusini ya ikweta halichomozi hata siku moja. Ndani yake kuna wachelewaji 21. Wakawapima mmoja mmoja kwa miaka. Wakakuta 16 wana mwenza anayewayumbisha huku na huku. Mwenza haonekani, lakini nyota inayumba, na kuyumba kunamtaja. Wengi wao huzungukana kwa karibu siku 1,000. Mwaka 2011 Aaron Geller na Robert Mathieu wakaonyesha kwamba wenza hao wana uzito wa kama nusu ya Jua. Huo ndio uzito wa kiini kilichobaki baada ya nyota kumwaga gesi yake.

Kisha Natalie Gosnell na wenzake wakatumia darubini ya Hubble, iliyo angani, wakatazama kwa mionzi ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Kaa jeupe la moto hung'aa sana kwa mionzi hiyo. Wakayaona. Yale makaa ya mwisho yalikuwa pale pale, ubavuni mwa baadhi ya wachelewaji, bado yana joto.

Uani, mwenye nyumba alisogea karibu na lile jiko la kona ya mwembe. Pembeni yake kulikuwa na jiko jingine, tupu, halina hata kipande cha mkaa wa kupikia. Akainama, akapitisha kiganja juu ya majivu. Yalikuwa bado ya moto.

"Nimekuelewa," akaliambia jiko.

Maswali alinyamaza kidogo, jambo ambalo si la kawaida. Kisha akasema, "Mimi nataka kumwona mmoja. Kwa macho yangu."

Nilijua ataomba hivyo, na jibu ninalo. Yupo mmoja. Hapa Kurasini taa za bandari na matangi ya mafuta hutunyima nyota nyingi, kwa hiyo subirini umeme ukatike, au siku mkienda kwa ndugu ng'ambo ya Daraja la Nyerere, mpite Kigamboni hadi penye giza. Mwezi wa sita ni mzuri, mvua za masika zimekwisha. Saa 2 usiku, tazameni kusini. Tafuteni Msalaba wa Kusini. Nyoosheni mkono, kunjeni ngumi, muipime ngumi moja na nusu kulia kwa Msalaba, mshuke kidogo. Kuna nyota moja inang'aa kuliko wenzake walioizunguka. Jina lake ni Theta Carinae. Kundi lake linaitwa IC 2602, na Mfaransa Lacaille aliliandika katika orodha yake alipokuwa Cape, Afrika Kusini, miaka ya 1750.

Ukiikazia macho, yenyewe itakuambia.

"Mimi ni Theta. Unanitazama kwa sababu wanakuambia nadanganya umri. Sidanganyi. Wenzangu hapa wana miaka milioni 30 na zaidi, nami nilizaliwa nao. Kwa moto wangu huu, nyuzi karibu 30,000 usoni, ningekuwa nimezimika zamani. Lakini ninaye mwenzangu mdogo, yuko karibu nami sana, tunazungukana kila baada ya siku 2 na saa chache. Wanaonichunguza wanamshuku yeye. Wanasema yeye ndiye aliyenimiminia. Mimi sisemi. Wao waendelee kupima."

"Kwa hiyo ataishi milele?" akauliza Maswali.

Hapana, mwanangu. Alipewa mkaa, hakupewa mlango mdogo. Amekuwa mzito, na mzito hula upesi. Mkaa mwingi, moto mkali, siku fupi. Kilichoongezwa ni muda wa kuonekana kijana wakati wenzake wanaofanana naye hawapo.

"Na Jua letu? Lina jirani wa kulimiminia?"

Halina. Jua nalo huenda lilizaliwa kwenye kundi, kama nyota nyingi, lakini kundi la namna hiyo hulegea taratibu linapozunguka katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, na ndugu hutawanyika. Sasa liko peke yake. Nyota iliyo karibu nalo kuliko zote iko mbali kwa zaidi ya miaka 4 ya nuru, na gesi haimwagiki umbali huo. Jua litawaka kwa mkaa wake wenyewe, karibu miaka bilioni 5 nyingine, kisha litavimba liwe jekundu, kisha litabaki kaa dogo jeupe.

"Miaka bilioni 5," akarudia Maswali, anahesabu sifuri kwa vidole.

Sifuri tisa, mwanangu. Na hesabu za mwalimu wako ni za kesho asubuhi, kwa hiyo lete daftari tuanze na hizo.